Si Kila Homa Yataka Antibayotiki

Antibayotiki ni dawa za kuua bakteria au kuwazuia wasizaliane. Hiyo ndiyo kazi yake kuu. Haziteremshi homa, hazitulizi maumivu, hazikaushi mafua, na kirusi hakizijali hata mgonjwa akimeza pakiti nzima. Jambo hili husahaulika kila siku kwenye maduka ya dawa, kuanzia Darajani mjini hadi vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja kama Paje na Jambiani. Mtu akiamka na kikohozi hutuma mtoto dukani amletee "za rangi mbili", yaani kapsuli za amoksilini au ampisilini, bila kutaja ugonjwa wala umri wa mgonjwa.

Kwa sheria, dawa hizi hutolewa kwa cheti cha daktari. Msimamizi kwa upande wa Zanzibar ni Wakala wa Chakula na Dawa, ZFDA, na kwa Tanzania Bara ni TMDA. Bara yapo pia Maduka ya Dawa Muhimu, yaliyoanzia mkoa wa Ruvuma mwaka 2003, ambayo yaliruhusiwa kuuza baadhi ya antibayotiki kwa sababu vijijini famasi ni chache. Sheria ipo. Wanaoivunja mara nyingi ni wawili kwa pamoja, mnunuzi na muuzaji, kila mmoja akiwa na haraka yake.

Unguja tatizo hili lina historia ya peke yake. Zamani kila homa ilihesabiwa malaria mpaka ithibitike vingine. Kuanzia mwaka 2003 Zanzibar iliacha klorokwini na kuingiza dawa mseto, vikafuata vyandarua vyenye dawa na upuliziaji majumbani, na malaria ikateremka sana. Homa, hata hivyo, hazikuondoka. Mama humpeleka mtoto kituoni, kipimo cha haraka cha malaria kikatoa mstari mmoja tu, maana yake hakuna vimelea, na hapo mhudumu hubaki na mtoto anayechemka, mzazi anayesubiri dawa, na ugonjwa usio na jina. Mara nyingi kalamu huandika antibayotiki ili familia isirudi mikono mitupu.

Hesabu ya jambo hili imewahi kupigwa. Mwaka 2011 watafiti walichunguza watoto 677 wa Zanzibar, wa umri kati ya miezi 2 na 59, waliofikishwa kwenye matibabu wakiwa na homa isiyo kali. Wengi walikutwa na virusi. Watoto 500, yaani asilimia 74, waliandikiwa antibayotiki. Baada ya majibu yote ya maabara kutoka, walioonekana kuzihitaji walikuwa 152, asilimia 22. Utafiti mwingine uliofanyika Dar es Salaam na Ifakara na kutangazwa mwaka 2014 ulikuta hali inayofanana: kati ya watoto 1,005 wenye homa, karibu saba katika kila kumi walikuwa na maradhi ya virusi, na malaria ilikuwa kwa mmoja tu katika kumi. Si haki kumtupia lawama mhudumu peke yake, maana hana maabara mezani na mzazi asiyepewa dawa huona hakutibiwa. Lakini ukweli unabaki kwamba matumizi salama ya antibayotiki huanza kabla ya kidonge cha kwanza, kwa kuuliza kama kweli kinahitajika.

Mafua, kikohozi cha kawaida, koo linalowasha pamoja na makamasi, na kuharisha maji kwa watoto wadogo ni maradhi ambayo kwa sehemu kubwa husababishwa na virusi. Kamasi kugeuka kijani si ushahidi wa bakteria, ingawa imani hiyo imeenea sana. Mtoto anayeharisha maji hutibiwa kwa chumvichumvi za ORS na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, na aendelee kunyonya na kula. Kuharisha damu ni jambo jingine, na hapo daktari anaweza kuandika antibayotiki. Kwa kikohozi, kinachoangaliwa ni pumzi kuliko kamasi. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 anayepumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka 1 hadi 5 anayepumua mara 40 au zaidi, ahisiwe kuwa na nimonia. Pumzi huhesabiwa kwa dakika nzima mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi. Akiwa mbavu zinabonyea ndani anapovuta pumzi, hawezi kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege au amelegea na haamki vizuri, huyo ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo. Kwa nimonia ya mtoto dawa ya kwanza ni amoksilini ya kidonge kinachoyeyuka, ambacho huwekwa katika kijiko cha maji safi au maziwa ya mama, na ni dawa inayookoa maisha kweli.

Kwa watu wazima, magonjwa mawili ndiyo yanayoongoza kwa kutibiwa bila ushahidi: UTI na homa ya matumbo. Seli chache za usaha kwenye mkojo wa mtu asiye na maumivu, asiyeungua anapokojoa wala kwenda haja kila mara, si sababu ya kumeza dawa, isipokuwa kwa mjamzito, ambaye bakteria kwenye mkojo wake hutibiwa hata kama hasikii kitu. Wapo wanawake wanaoambiwa wana "UTI sugu" na kuhamishwa kutoka dawa hii hadi ile, mpaka wakafikishwa kwenye sindano za masaa, bila mkojo wao kuoteshwa hata mara moja. Kipimo cha Widal cha homa ya matumbo nacho kinapotosha, kwani kinaweza kuonyesha alama kwa mtu aliyewahi kuugua zamani au aliyepata maradhi mengine. Kipimo cha uhakika ni kuotesha damu, kazi inayochukua siku mbili tatu na inayotaka maabara kamili, kama iliyopo Hospitali ya Mnazi Mmoja au Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri iliyoko Wawi, Pemba. Kutoka Paje hadi Mnazi Mmoja ni kiasi cha kilomita 50, kwa hiyo si kila mtu ataotesha. Lakini mgonjwa ambaye dozi mbili zimemshinda anastahili kipimo hicho kabla ya kupewa ya tatu.

Daktari akishaamua kuwa ni bakteria, kuna mambo anayopaswa kuambiwa na ambayo wagonjwa wengi huyanyamazia kwa kuona haya. La kwanza ni mzio. Mtu aliyewahi kuvimba midomo, kutoka vipele mwili mzima au kubanwa na pumzi baada ya sindano ya penisilini asipewe tena amoksilini, ampisilini, kloksasilini wala Ampiclox, maana zote ni za ukoo mmoja hata kama majina na rangi zinatofautiana. La pili ni ujauzito, hata wa wiki chache. Doksisaiklini hugeuza rangi ya meno ya mtoto aliye tumboni, na kwa sababu hiyo hiyo huepukwa kwa watoto walio chini ya miaka 8. Siprofloksasini nayo si chaguo la mjamzito. Dawa za jamii ya penisilini, kwa asiye na mzio nazo, zimetumika kwa wajawazito miaka mingi bila madhara. La tatu ni dawa nyingine anazotumia mgonjwa. Mwenye kutumia wafarini kwa ajili ya moyo anaweza kutokwa na damu akiongezewa metronidazo au Septrin bila kufuatiliwa. Rifampisini ya kifua kikuu hupunguza nguvu za vidonge vya uzazi wa mpango. Na katika pwani hii, ambayo malaria ilitawala kwa karne nyingi, wapo watu waliorithi upungufu wa kimeng'enya cha G6PD. Septrin na nitrofurantoini zinaweza kuvunja chembe nyekundu za damu zao. Mkojo ukigeuka rangi ya kahawa au macho yakawa manjano, dawa isimamishwe na mgonjwa arudi kituoni siku hiyo.

Halafu linakuja suala la saa. Kwenye bahasha ya dawa huandikwa 1x3, na mtoaji dawa husema "kutwa mara tatu". Wengi hufuata milo: chai, chakula cha mchana, chakula cha usiku. Matokeo yake dozi tatu hubanwa ndani ya saa kumi na mbili za mchana, na usiku kucha damu hubaki bila dawa ya kutosha. Kutwa mara tatu kwa antibayotiki ni kila baada ya saa 8. Ratiba inayowafaa wengi ni saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Kutwa mara mbili ni kila baada ya saa 12. Mtu akisahau, ameze mara anapokumbuka, ila kama saa ya dozi inayofuata imekaribia aiache ile iliyopita na kuendelea na ratiba. Kumeza mbili kwa mpigo hakufidii kitu.

Wanawake wa mwani wanalijua vizuri tatizo la dozi ya mchana. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Paje mwishoni mwa miaka ya 1980, na kazi yake hufuata bamvua: maji yakikupwa, watu huingia baharini saa kadhaa kufunga na kuvuna, na vidonge hubaki nyumbani. Ni vyema jambo hili lisemwe wazi mbele ya daktari, kwa sababu kwa magonjwa mengi ipo dawa ya mara mbili kwa siku, au hata mara moja. Ramadhani huleta mtihani wa aina hiyo hiyo. Dawa ya kila saa 12 inaweza kuingia kwenye futari na daku, angalau kwa kukaribia. Ya kila saa 8 haiingii, na kuzikusanya dozi zote wakati wa futari ni kujidanganya. Mgonjwa ana rukhsa ya kula na kuja kulipa baadaye. Asiyetaka kuitumia amwombe daktari ambadilishie dawa badala ya kujipangia ratiba mwenyewe.

Kila dawa ina masharti yake. Doksisaiklini huifanya ngozi iungue upesi kwa jua, jambo zito kwa mtu anayeshinda baharini akiwa ameinama na shingo wazi. Watalii wengi wanaokuja Paje kuteleza kwa tiara huimeza kila siku kujikinga na malaria, kisha hushangaa kubabuka siku ya pili. Vidonge vyake humezwa na bilauri nzima ya maji, na mtu asilale kwa nusu saa, kwani kidonge kikikwama kooni huchoma na kuacha kidonda. Doksisaiklini na siprofloksasini hazitakiwi kumezwa pamoja na maziwa, dawa za kiungulia, vidonge vya madini ya chuma au zinki, kwa sababu hushikamana navyo tumboni zikapita bila kuingia mwilini. Anayetumia siprofloksasini akisikia maumivu juu ya kisigino aache dawa na kurudi kwa daktari, maana dawa hii inaweza kudhoofisha mshipa wa hapo hadi ukakatika. Metronidazo, ambayo wengi huijua kwa jina la Flagyl, huliwa baada ya chakula, na mtumiaji wake hushauriwa asiguse pombe mpaka zipite siku mbili baada ya dozi ya mwisho. Ampiclox, kinyume chake, hufanya kazi vizuri zaidi tumbo likiwa tupu.

Dawa ya maji ya mtoto hutolewa ikiwa unga ndani ya chupa. Huongezwa maji yaliyochemshwa na kupoa, kidogo kidogo huku chupa ikitikiswa, mpaka yafike kwenye alama. Hupimwa kwa kijiko au kikombe kilichokuja na dawa, kwa kuwa vijiko vya jikoni havina ukubwa mmoja. Chupa hutikiswa kila mara kabla ya kumimina. Asiyetikisa humpa mtoto maji matupu siku za mwanzo na dawa kali siku za mwisho. Baada ya kuchanganywa ina siku zake za kuisha, kwa kawaida 7 hadi 14 kama lebo inavyosema. Ile yenye klavulanati inataka friji. Kwa nyumba isiyo na friji, au mahali umeme unapokatika mara kwa mara, mzazi aseme mapema ili apewe aina nyingine.

Vidonda vinastahili maelezo marefu kidogo, maana pwani ya Paje haina uhaba navyo: matumbawe, vipande vya chupa, vijiti vya mwani, miiba ya viumbe vya baharini. Desturi iliyozoeleka ni kufungua kapsuli na kumwaga unga wake juu ya kidonda. Desturi hiyo ina madhara. Unga huo ulitengenezwa upite tumboni na kusambazwa na damu; ukimwagwa juu hugandamana na kuwa gamba, usaha hubaki chini yake, na bakteria waliokutana na dawa nusunusu hujifunza kuistahimili. Unaweza hata kumzoesha mtu mzio ambao ataukuta siku atakapochomwa sindano ya dawa hiyo hiyo. Kidonda kipya huoshwa kwa maji safi mengi na sabuni, uchafu na miiba iondolewe, kifungwe kwa kitambaa safi, na kama chanjo ya pepopunda haijulikani ilipatikana lini, mtu aende akachanjwe. Kingo zikizidi kuwa nyekundu na za moto, usaha ukitoka, mstari mwekundu ukipanda mguuni au homa ikianza, ni wakati wa daktari, na mwenye kisukari asisubiri hata dalili hizo. Neno moja lisisahaulike kusemwa: kidonda kilipatikana baharini. Maji ya chumvi yana bakteria wake, wakiwemo wa jamii moja na yule wa kipindupindu, ambao amoksilini ya kawaida huenda isiwafae na daktari akahitaji kuandika kitu kingine.

Idadi ya siku hutofautiana kuliko watu wanavyodhani. Azithromaisini ya trakoma humezwa mara moja tu. Nitrofurantoini kwa UTI isiyo na matata ya mwanamke huwa kama siku 5. Koo lenye bakteria wa streptokoki hutibiwa kwa penisilini ya vidonge siku 10, ingawa maumivu huisha siku ya tatu; lengo la siku zilizobaki ni moyo, kwa sababu bakteria hao wakiachwa wanaweza kuleta homa ya baridi yabisi inayoharibu vali za moyo, na wagonjwa wa aina hiyo hufikishwa Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, wakiwa bado vijana. Kifua kikuu ni miezi 6. Kwa hiyo hakuna sheria moja ya siku saba kwa wote. Siku sahihi ni zile zilizoandikwa kwenye cheti, zisipunguzwe kwa sababu mtu amepata nafuu, wala zisiongezwe kwa sababu bado ana wasiwasi.

Madhara ya kuzitumia ovyo yalionekana Tanzania mapema. Mlipuko wa kipindupindu ulipoanza nchini mwaka 1977, tetrasaiklini iligawiwa kwa wingi, kwa wagonjwa na kwa watu wazima wa afya waliotakiwa kukingwa. Mwanzoni bakteria wote waliopimwa walikufa kwa dawa hiyo. Baada ya miezi mitano hivi ya kugawa, zaidi ya robo tatu walikuwa hawaisikii tena, na taarifa hiyo ilichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1979. Zanzibar ilipata mlipuko wake mwaka 1978 katika kijiji cha wavuvi: wagonjwa 411, vifo 51. Hadi leo tiba kuu ya kipindupindu ni maji na chumvichumvi, na antibayotiki ni msaada kwa waliozidiwa. Miaka zaidi ya thelathini baadaye, uchunguzi wa damu za wagonjwa wa Mnazi Mmoja mwaka 2012 na 2013 ulikuta bakteria wa tumboni wenye usugu kwa dawa kadhaa kwa mpigo, baadhi yao wakitengeneza kimeng'enya kinachovunja hata seftriaksoni, sindano inayotegemewa mno hospitalini. Duniani kote, mwaka 2019 usugu huu uliua moja kwa moja watu wanaokadiriwa kuwa milioni 1.27.

Kutokana na hali hiyo Shirika la Afya Duniani liliziweka antibayotiki katika makundi matatu mwaka 2017: za kutumika kwanza, kama amoksilini na doksisaiklini, za kutumiwa kwa uangalifu, zikiwemo siprofloksasini, azithromaisini na seftriaksoni, na za akiba, zinazoguswa pale nyingine zote zinaposhindwa. Mgonjwa anayedai "dawa kali" au sindano kwa ugonjwa ambao kidonge cha kundi la kwanza kingeutibu hapati tiba bora zaidi. Anatumia silaha ambayo huenda yeye mwenyewe akaihitaji akilazwa.

Vidonge vilivyobaki visiwekwe kabatini kusubiri ugonjwa mwingine, wala asigaiwe jirani kwa sababu "dalili zake ni zile zile". Virudishwe kwenye famasi. Dawa inayotumika ihifadhiwe mahali pakavu, mbali na jua na joto la jiko, na isinunuliwe vidonge viwili vitatu vilivyofungwa kwenye karatasi isiyo na jina wala tarehe ya mwisho wa matumizi.

Kuharisha kidogo na kichefuchefu ni vitu vya kawaida wakati wa dozi, na wanawake wengine hupata fangasi ukeni. Lakini uso au midomo ikivimba, pumzi ikibana, ngozi ikitoka malengelenge au kuharisha kukiwa kwa damu, dawa iachwe na mgonjwa apelekwe hospitali bila kusubiri asubuhi. Na kama zimepita siku mbili au tatu za kumeza dawa sawasawa bila nafuu yoyote, rudi kwa daktari aliyeiandika, na uende na cheti pamoja na pakiti yenyewe, ili aone ulichopewa kabla ya kuandika kingine.